Herufi za mwanzo husaidia, ila zina mitego

Dada wa Umoja, umeuliza kama mwanao wa gredi ya sita anaweza kubashiri maana ya neno la Kiingereza kwa kutazama herufi za mwanzo tu. Anaweza, mara nyingine.

Aanze na "tele-", iliyotoka Kigiriki, maana yake mbali. "Telephone" ni sauti ya mbali, "telescope" ni ya kutazamia mbali. Rahisi.

Kundi ninalolipenda mimi ni hili: "sneeze" ni kupiga chafya, "snore" kukoroma, "sniff" kunusa, "snout" pua ya mnyama. Yote puani! Ila "sn-" si kiambishi. Ukiikata, kinachobaki kwenye "sneeze" hakina maana. Mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliyapa mafungu ya sauti kama haya jina, fonesthimu. Na usimwambie mtoto ni sheria, maana "snake" hana habari na pua ya mtu.

Mtego mbaya ni "in-". Mtoto anajua "invisible" ni kisichoonekana, kisha anasoma "inflammable" nyuma ya lori la mafuta pale Mombasa Road, anadhani mzigo ule haushiki moto. Unashika, tena upesi! "In-" hiyo haikanushi. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha.

Wangu nimemnunulia daftari. Kila jioni maneno matatu yenye mwanzo mmoja: anabashiri kwa penseli, ndipo anafungua kamusi. Akifungua kamusi kwanza, namfutia.