Bia ya kwanza nyumbani: ndoo ikinyamaza, usikimbilie chupa

Swali: Nataka kuanza kutengeneza bia nyumbani. Nina sufuria ya lita 10 na ndoo ya plastiki ya lita 15 yenye mfuniko. Nianze na shayiri yenyewe au kimea cha unga? Halafu, rafiki yangu alijaribu, chupa zikampasukia kabatini. Nitajuaje kuwa bia imemaliza kuchachuka?

Jibu: Anza na kimea cha unga. Ukianza na shayiri iliyooteshwa na kukaushwa itakubidi uiloweke kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa saa nzima, uichuje, uisuuze, na hapo bado hujaanza kuchemsha. Hayo yatakuja baadaye. Ila tusichanganye mambo: kimea cha unga ninachosema ni utamu wa kimea uliokwisha kukamuliwa na kukaushwa, unaoyeyuka majini kama sukari. Kimea kilichosagwa tu ukikitia kwenye sufuria utapata uji.

Kwa vyombo vyako pika lita 8. Chemsha lita 3 za maji usiku uliotangulia, uzifunike na kuzipoza. Siku ya kupika, yeyusha kilo 1 ya kimea katika lita 5, chemsha, kisha tia gramu 15 za hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Hapo simama na mwiko mkononi, maana hopsi zikigusa tu yale maji, povu hupanda ghafla na likimwagika jiko zima litanata. Chemsha dakika 60, na zikibaki 5 ongeza gramu 10 za hopsi kwa ajili ya harufu. Poza sufuria haraka kwenye beseni la maji ya barafu, mimina ndooni pamoja na yale maji baridi, tikisa vizuri hewa iingie. Joto likishuka hadi nyuzi 20, nyunyiza hamira ya bia, nusu ya pakiti ya gramu 11. Hamira ya mikate itachachusha, lakini ladha utaijutia.

Chochote kitakachogusa bia baada ya kupoa lazima kioshwe kwanza, ndipo kitiwe dawa ya kuua vijidudu. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Usikwangue ndoo kwa steli wuli, maana vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo. Na dawa ya klorini isiposuuzwa vizuri huiachia bia ladha ya hospitali.

Weka ndoo mahali penye nyuzi 18 hadi 20. Hamira ikichapa kazi hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani huwa moto kuliko chumba. Joto likizidi, bia hunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Beseni la maji na kitambaa kibichi kilichozungushiwa ndoo vinasaidia sana.

Sasa hizo chupa. Nadhani rafiki yako alitazama mapovu ya gesi inayotoka ndooni, yakaacha kutoka, akajaza chupa kabla bia haijamaliza kuchachuka, gesi ikazidi humo. Mapovu hayaaminiki: mfuniko usiobana vizuri huvujisha gesi kimyakimya, na baridi ya usiku inaweza kuisinzisha hamira. Nunua haidromita, chombo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha utamu uliobaki. Kwa kipimo nilichokupa itasoma karibu 1.046 mwanzoni. Baada ya siku kama 10 pima, kisha pima tena siku 3 baadaye. Ikisoma namba ileile mara zote mbili, tuseme 1.011, imemaliza. Toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131: hiyo ni bia ya asilimia 4.6. Ikigoma kwenye 1.020, usijaze. Ipeleke mahali penye joto kidogo, izungushe taratibu kuamsha hamira, usubiri.

Siku ya kujaza, pima sukari gramu 6 kwa lita, ya kutengeneza gesi chupani. Usikadirie kwa kijiko! Iyeyushe kwenye maji kidogo yaliyochemka, itie kwenye sufuria safi, kisha hamishia bia humo kwa mpira bila kuirusharusha, ukiyaacha mashapo ndooni. Tumia chupa nzito za bia zilizotengenezwa kustahimili gesi, za kahawia ukizipata, kwa sababu mwanga huharibu hopsi. Chupa moja iwe ya plastiki, ya soda. Iminye kila siku: ikiwa ngumu kama jiwe, ujue na zile za kioo zimeshapata gesi. Mimi bado nafanya hivyo, japo wenzangu hunicheka. Zifungie zote kwenye kreti lenye mfuniko, si kabati la vyombo.

Baada ya wiki 2 weka moja kwenye friji usiku kucha. Mimina polepole kwa mkupuo mmoja, na ule utope wa chini uuache kwenye chupa.