Fundi wa Programu Anajibu: Taima Zinazorundikana

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza programu ya kuonyesha bei ya mahindi soko la Kibaigwa, inafunguka kwenye kivinjari cha simu. Ukurasa wa bei unauliza seva kila sekunde 5 kwa setInterval, ile amri ya JavaScript ya kurudia kazi kila baada ya muda fulani. Asubuhi mambo safi. Ikifika mchana simu inachemka, bando linakata, na bei inapanda halafu inarudi ya zamani. Nikiifunga nikaifungua upya, inatulia. Tatizo nini?
Msomaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba, kijana. Hapo uliposema ukiifungua upya inatulia ndipo palipo na jibu: kuna kitu kinarundikana. Dalali akitoka ukurasa wa bei kwenda wa usafiri, programu yako inafuta maandishi ya kwenye kioo tu. Taima, yaani ile setInterval inayouliza seva, inabaki hai. Akirudi, unawasha nyingine juu yake. Zikifika taima 10, seva inaulizwa mara 120 kwa dakika badala ya 12.

Ukiita setInterval, inakurudishia namba. Itunze, tuseme kwa jina taimaYaBei, mahali ambapo msimbo wote wa ukurasa unaifikia. Mtu akiondoka, izime kwa clearInterval(taimaYaBei). Mimi huizima hata kabla ya kuwasha mpya, maana kuzima taima ambayo imeshazimwa hakuleti kosa lolote.

Bei kurudi nyuma ni ugonjwa mwingine, na huo unanisumbua zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuuza gunia kwa bei iliyopitwa. setInterval haisubiri jibu la seva. Mtandao ukiwa mzito, swali la pili linaondoka la kwanza likiwa bado njiani. Jibu la kwanza likichelewa, linafuta bei mpya na kuandika ya zamani. Achana na setInterval hapo. Tumia setTimeout, taima inayolia mara moja tu, na uipange pale tu jibu linapofika. Seva ikishindwa kujibu, ipange vilevile, la sivyo mnyororo unakatika na bei inaganda bila mtu kujua. Wewe mwenyewe weka kikomo cha kusubiri.

Wengi hunaswa hapa: mtumiaji akiondoka wakati swali liko njiani, clearTimeout, amri ya kuzima setTimeout, haina cha kuzima, kwa kuwa taima imeshalia. Jibu likifika, msimbo wako unapanga nyingine. Kwa hiyo weka alama, ukurasaUpo, iwe kweli au si kweli, uikague kabla ya kuandika bei na kabla ya kupanga zamu ijayo.

Usihesabu milio ya taima ili kujua muda uliopita. Kivinjari hupunguza kasi ya taima za ukurasa uliofichwa, kwa hiyo soma saa ya simu kwa Date.now().

Na sekunde 5 zenyewe zitazame upya. Bei ya gunia haibadiliki kwa kasi hiyo, na anayelipia bando ni mkulima. Anza na dakika 1, kisha mwekee mwenye haraka kitufe cha kuuliza bei papo hapo. Kitufe hicho nacho kizime taima iliyopo kwanza.