Kwa Wanaoanza Kuuguza: Aliye Zamu Hafumbi Macho

Juzi, kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili hapa Dodoma, nilimwona kijana aliyemsindikiza mama yake akiwa amefumba macho, ameziba masikio kwa visikilizi, akivuta pumzi kwa bidii ya mtu anayepuliza moto, huku mama mwenyewe akielekea getini taratibu. Tulimrudisha sisi tuliokuwa jirani. Basi, wadogo zangu, narudia.

1. Uzingativu wa muuguzaji, yaani kuweka akili yote kwenye kinachotokea sasa hivi, hufanywa macho wazi: sikia nyayo zako zinavyokanyaga sakafu, na uendelee kumtazama mgonjwa.

2. Usitafute saa nzima ya kukaa kimya. Programu ya kufundisha uzingativu ambayo Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliianzisha Massachusetts mwaka 1979 ina darasa la wiki 8. Wewe una muda wa kupoza uji wa uwele tu, nao unatosha, mradi ukipoza uji upoze uji, usipange mazishi ya mtu aliye hai.

3. Usijifiche ndani ya pumzi. Hili nalisema kwa aibu. Mdogo wangu alipozidiwa, nilikuwa nimeshajifunza kurefusha pumzi ya kutoka, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua kasi tunapoitoa, nami nikajiona fundi. Usiku mmoja, nyumbani Chang'ombe, akaanza kunieleza kwamba amechoka na haoni sababu ya kuendelea; maneno yale yakanitisha, nikaanza kuhesabu, nne za kuvuta, sita za kutoa. Akanyamaza, akanitazama midomo, akauliza, “Dada, unahesabu nini?” Sikuwa na jibu. Akageukia ukutani, akajifunika shuka, na yaliyobaki akaja kuyasema kwa daktari, mimi nikiwa nje ya mlango. Nilipaswa kuiona hofu yangu ikipanda, nivute pumzi moja, kisha nimuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, nisimwache peke yake, na nimpeleke hospitali usiku uleule.

4. Dawa, visu na sumu ya panya vifungiwe. Uzingativu haushiki funguo.

5. Gawaneni zamu. Na yule shangazi anayepiga simu kila jioni kukukumbusha kwamba dada mwenye uchungu na nduguye hapati usingizi, mshukuru kwa heshima zote, kisha mpangie zamu ya usiku wa Jumamosi.