Kazi ya programu kwenye falaki: ushauri kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kijana wa Unguja au Pemba anayejua kuandika programu anaweza kufanya kazi ya falaki bila ya kuwa na shahada ya fizikia. Ndiyo njia niliyopita mimi. Nilisoma kompyuta hapa hapa Zanzibar, nikaandika mifumo ya mahoteli na maduka, na leo hii natunza programu zinazosafisha data za darubini za redio kwa kikundi cha watafiti kilichoko ng'ambo. Vijana wananiuliza nimeingiaje. Wazazi wao wananiuliza swali zito zaidi: kazi ya nyota inalisha mtu?

Tuanze na sababu ya darubini kuhitaji watu kama sisi. Itizame SKA, darubini ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Upande wa Australia itakuwa na antena 131,072, kila moja ina urefu wa kiasi cha mita mbili, na hakuna hata moja inayogeuka. Ukitaka itizame sehemu fulani ya mbingu, kompyuta inaichelewesha ishara ya kila antena kwa kipimo chake, kisha inazijumlisha zote, na zile zinazotoka upande unaoutaka ndizo zinazopatana. Yaani kulenga kwenyewe ni programu. Hakuna mota hapo, kuna hesabu, na hesabu hiyo lazima aiandike mtu.

Kule Chile nako kuna darubini ya Vera C. Rubin, yenye kamera ya megapikseli 3,200, inayotoa takriban terabaiti 20 za data kila usiku. Hakuna jicho la binadamu litakalozipitia picha hizo zote. Programu ndiyo inayoitoa picha ya zamani ndani ya picha ya usiku huu, ikaona kilichobadilika, na lengo ni taarifa iwafikie watafiti ndani ya dakika moja. Msimbo wake, ambao kwa sehemu kubwa ni Python na C++, umewekwa wazi GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Unaweza kuusoma leo ukiwa Wete.

Kwa hiyo kazi zilizopo si za wanafizikia peke yao. Wanatakiwa watu wa kanzidata, wa seva, wa mitandao, wa kurasa ambazo watafiti huombea data, na wa kupima programu kabla haijatumika. Aliyewahi kuandika mfumo wa hoteli, akahakikisha wageni wawili hawapewi chumba kimoja kwa usiku mmoja, ameshalielewa tatizo la kupanga ratiba ya darubini.

Sasa uanze wapi? Ushauri wangu ni Kilimia. Kundi hili la nyota wazee wetu walilitumia kujua majira ya kulima, na mpaka leo ukiwauliza wakulima wakongwe watakuonyesha. Liko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Chombo cha Gaia cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya kimepima nyota karibu bilioni 1.8, na toleo lake la tatu la data lilitolewa Juni 2022, bure kwa kila mtu. Ingia kwenye ghala lake, andika ombi kwa lugha ya ADQL, ambayo ni SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, iliyoongezewa uwezo wa kuuliza kwa mahali angani. Omba nyota zilizo ndani ya digrii 2 kutoka nukta ya 56.75 na 24.1, ndiyo anwani ya Kilimia angani kwa digrii, zenye paralaksi, kipimo kinachoonyesha umbali wa nyota, kati ya 6.9 na 7.8. Kisha chora mchoro wa mwendo wao: pmra, mwendo wa mashariki na magharibi, upande mmoja; pmdec, mwendo wa kaskazini na kusini, upande wa pili. Nyota nyingi zitatawanyika ovyo, lakini karibu na 20 na hasi 45 utaona fundo. Hilo ndilo Kilimia, nyota zinazosafiri pamoja, na umelitenga wewe kwa mistari michache ya msimbo.

Napenda zoezi hili kwa sababu linafundisha jambo ambalo sisi wa visiwani tunalihitaji kuliko wenzetu: usipakue data, uliza swali. Bando halitoshi kubeba ghala zima, wala umeme haukungoji umalize. Ombi linafanyiwa kazi kwenye seva za huko huko, wewe unarejeshewa faili dogo tu. Hata waajiri wakubwa wanaelekea huko, maana data za SKA hazitabebeka kwenye kompyuta ya mtafiti yeyote. Ukishazoea kufikiri hivi, umewatangulia wengi waliojifunzia kwenye intaneti ya kasi.

Zoezi la pili, kwa anayetaka kitu cha kuwaonyesha watu wa nyumbani: tumia Skyfield, maktaba ya Python ya hesabu za mbingu, kukokotoa mwezi utakuwa juu kiasi gani jua linapotua Unguja na Chake Chake, siku ya 29 ya kila mwezi wa Kiislamu. Haliamui mwandamo, hilo lina wenyewe, lakini litakufundisha majira, digrii na upeo wa macho.

Baada ya hapo, changia programu huria. Astropy, maktaba ya Python iliyoanzishwa mwaka 2011 na inayotumiwa na wanafalaki duniani kote, inapokea marekebisho kutoka kwa yeyote. Mimi nilianza na maelezo ya matumizi yaliyokuwa hayaeleweki, nikahamia kwenye majaribio, ndipo nikagusa msimbo wenyewe. Leta mabadiliko madogo, yenye jaribio lake, ueleze kwa ufupi kwa nini yanafaa. Ukirejeshewa na maoni ishirini, yajibu yote kwa upole. Walionipa kazi walisoma majibu yangu hayo kabla ya kusoma vyeti vyangu, na waliniambia hivyo. Kuna pia Google Summer of Code, mpango wa Google kwa wanaoanza kuchangia programu huria, ambapo OpenAstronomy, muungano wa miradi ya programu za falaki, imekuwa ikishiriki na anayekubaliwa hulipwa. Sharti ni uwe umetimiza miaka 18.

Nafasi zenyewe zitafute kwa maneno "research software engineer", yaani mhandisi wa programu za utafiti, si kwa neno falaki peke yake, maana matangazo mengi hayalitaji. Tizama ukurasa wa ajira wa SKA na wa ESO, shirika la Ulaya lenye darubini kule Chile, na orodha ya kazi ya Jumuiya ya Wanafalaki ya Marekani. Soma sharti la uraia kwanza kabisa. Nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini kwenye SKA ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania haimo, kwa hiyo ufadhili uliowekewa nchi hizo usikupotezee wiki. Vyuo vikuu ndivyo vyenye uhuru zaidi wa kumchukua mtu wa popote.

Na wazazi niwajibu waziwazi. Inalisha. Mshahara ni mdogo kuliko wa benki au kampuni kubwa za teknolojia za huko ng'ambo, na mikataba mingi ni ya miaka miwili au mitatu, inafuata fedha za utafiti. Mwenye mkataba wa namna hii aweke akiba tangu mwezi wa kwanza, na asiache kusoma matangazo. Lakini ujuzi anaoupata, wa Linux, Git, kanzidata na data nyingi, unauzika kokote, hata akirudi kufanya kazi Mlandege.

Ukiitwa kwenye usaili wa mtandaoni, mdogo wangu, tayarisha laini za mitandao miwili, chaji kompyuta na simu tangu usiku, na tuma kiungo cha kazi yako ya Kilimia siku moja kabla. Waombe wakuulize juu ya hiyo.