Upepo ni wetu, hati ni ya nani?

Wiki hii najibu barua za wenzetu wanaoishi palipofikiwa na wapima upepo wa miradi ya umeme.

Wageni wamesimamisha mlingoti wa kupimia upepo malishoni kwetu. Tunahimizwa tutie sahihi mkataba haraka. Tufanyeje? (Mfugaji, Marsabit)

Msitie bado, ndugu yangu. Mlingoti huo kwa kawaida hupima kwa mwaka au zaidi kabla benki haijakubali kukopesha, kwa hiyo nafasi ya kufikiri mnayo. Ulizeni kwanza: ardhi yetu imesajiliwa kuwa ya jamii? Kama bado, anzieni hapo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa uwekezaji si halali mpaka uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa shughuli hiyo. Sahihi za wazee watatu chini ya mgunga hazitoshi.

Jirani zenu wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, wameyapitia. Ekari 150,000 zilikodishwa na mitambo 365 ya upepo ikajengwa, yenye uwezo wa megawati 310. Mwaka 2021, mapanga ya mitambo yakizunguka tayari, mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria. Wenyeji walishinda, lakini mnara haung'olewi kama bua la mahindi. Ndiyo maana nasisitiza: semeni kabla zege halijamwagwa.

Tutapata umeme? (Mama wa duka, Laisamis)

Si kwa kuwa jirani ya mnara tu, mama. Umeme wa Loiyangalani husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa, na nguvu iliyo katika nyaya zile haiwezi kuingia dukani kwako bila kupunguzwa kwanza. Kama mnautaka, mkataba utaje nyumba ngapi, lini, na nani atalipa.

Eti kelele zake hutoa mimba za mbuzi? (Kijana, Kajiado)

Hakuna ushahidi wa hilo. Kule Ngong, ambako mitambo ya kwanza ilijengwa 1993, nimewaona kondoo wamejilaza kwenye kivuli cha mnara wakicheua. Kivuli kikisogea, nao wanasogea. Kelele zenyewe zipo: vuuu, vuuu, na usiku watu wakilala husikika zaidi. Jua likiwa chini, kivuli cha mapanga hupepesa dirishani. Dawa ya yote mawili ni umbali, kwa hiyo daini muoneshwe kwenye ramani nyumba ya kila mtu na mnara ulio karibu naye.

Kinangop, mradi wa megawati 60 ulifutwa 2016 baada ya wakulima kuukataa, wakihofia ardhi na afya zao. Siwalaumu. Mtu asipoelezwa, atajieleza mwenyewe.

Wanaohatarishwa kweli ni tumbusi. Huko kwenu Kajiado, kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, wamewekwa watu wenye darubini: ndege akikaribia, mtambo huzimwa kwa muda.

Vijana wetu wataajiriwa? (Mzazi, Marsabit)

Wengi, wakati wa kuchimba misingi na kujenga barabara. Baadaye hubaki mafundi wachache na walinzi. Ombeni mafunzo ya ufundi yaanze mapema, tena ombeni mapato. Kipeto, wenye ardhi hulipwa kwa kuikodisha, na jamii hupata mgao kupitia mfuko wake.

Siku ya mkutano, mtafuteni kijana anayekielewa Kiingereza cha mikataba, awasomee kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, kila ukurasa.