Kompyuta niliyomnunulia mama mkubwa ikaishia kabatini

Mama mkubwa wangu ana miaka 73. Alifundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi kwa miaka 31, sasa amestaafu na anakaa Katuba, katika nyumba ileile aliyoijenga na marehemu mume wake. Mtoto wake wa kwanza yuko Kolwezi, wa pili yuko Liège, Ubelgiji. Mwaka juzi sisi watoto wote tulichanga pesa tumnunulie kifaa cha kuwaonea wajukuu, maana kioo cha simu yake kilikuwa kidogo na sura za watu alizitambua kwa sauti tu. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi.

Nilichagua laptopu. Naeleza sababu kwa kuwa ninasikia ndugu wengi wakiwaza kama nilivyowaza. Niliona tableti ni kitu cha watoto, cha michezo na katuni. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa apewe kompyuta kamili, nikasema, yenye kioo cha inchi 15, kitu cha heshima. Niliinunua mjini ikiwa ya mtumba, dola 190, tukampelekea Jumapili baada ya misa. Alifurahi kweli. Aliipokea kwa mikono miwili, akaishonea kitambaa cha kuifunika.

Miezi minne baadaye nilikwenda kumsalimia, nikaikuta kabatini chini ya mashuka, na kitambaa chake juu.

"Hii kitu inanishinda, mwana yangu," aliniambia. "Sikutaka kukuumiza roho."

Mchana ule nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata dola moja: nilikaa kando yake nikamwomba anionyeshe anavyoitumia, nami nisiseme neno. Alifungua, akasubiri, kisha akanyoosha kidole na kugusa kioo. Picha ya WhatsApp ilikuwa pale mbele ya macho yake, akaigusa. Haikufunguka. Akaigusa tena kwa nguvu zaidi. Ndipo akakumbuka kile kibao cha chini, akaanza kusukuma kidole huku akitafuta kishale kimekwenda wapi. Akikipata, anatakiwa kubofya mara mbili haraka bila kutikisika, na mkono wake wa kulia unatetemeka kidogo tangu alipougua miaka kadhaa iliyopita. Yeye miaka yote ameshika chaki na kalamu. Ukitaka kitu unakigusa palepale kilipo. Kumwambia asogeze kidole hapa ili kitu kitembee kule ilikuwa kumfundisha kazi mpya kabisa, na hakukuwa na mtu wa kumfundisha kila siku.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo kwa hapa kwetu ni kubwa kuliko la kwanza: umeme. Kwake umeme mara nyingi unarudi usiku wa manane. Betri ya ile laptopu ilikuwa imechoka, ilidumu dakika 40 tu. Chaja yake ni ya wati 65, na paneli ndogo ya jua aliyowekewa na mwanawe wa Kolwezi inatosha taa tatu na kuchaji simu kwa waya wa USB. Kwa hiyo laptopu ilikuwa inangoja umeme, na umeme ukija yeye amelala. Tableti inaridhika na wati 10 au 15, inachajiwa kwenye USB ileile ya simu. Ukimnunulia na benki ya umeme (power bank) ya mAh 20,000, anaweza kuijaza karibu mara mbili bila umeme wa ukutani. Unapoanza kuhesabu bei ya kifaa cha mzee anayekaa Katuba, Kenya au Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, anza na umeme. Kioo na kumbukumbu vitafuata.

Tena mega, yaani data ya intaneti. Laptopu ikipata intaneti ya simu inaanza kujisasisha yenyewe, na furushi la wiki linaisha kabla hajamwona mjukuu hata mmoja. Kuna mahali kwenye Windows pa kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ipunguze kupakua. Sikulijua hilo wakati ule. Jambo jingine la kuangalia leo kwa mashine za mtumba: nyingi zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na zile za zamani hazikubali Windows 11. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Basi tukarudi kuchanga, safari hii kwa tableti. Nilichukua siku tatu kuichagua, na haya ndiyo ningemwambia ndugu yangu yeyote.

Inchi 10 au zaidi, kwa sababu ya inchi 7 ni simu iliyonenepa tu. Iwe na tundu la SIM kadi. Zipo zinazotumia wifi peke yake, na mzee asiye na wifi nyumbani atalazimika kugawiwa mega kutoka kwenye simu kila mara, hatua ambayo itamchosha. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) isipungue GB 4. Jihadhari sana na zile za bei ya chini mno zenye maandishi makubwa kwenye boksi, yanayodai kumbukumbu nyingi kuliko za bei mara tatu. Fungua mipangilio uangalie mwenyewe, kisha mpigie mtu simu ya video ukiwa dukani. Picha ikikwama pale, nyumbani itakwama zaidi. Na usisahau kava inayoweza kusimama mezani. Tableti ya inchi 10 ina karibu nusu kilo, uzito ambao mkono wa mzee hauwezi kuubeba kwa mazungumzo ya nusu saa.

Kabla ya kumpelekea nilikaa nayo jioni nzima. Nilikuza maandishi hadi karibu na mwisho, nikaondoa kila kitu kwenye ukurasa wa kwanza, nikabakiza vitano: WhatsApp, kamera, picha, Biblia na redio. Kwenye Android, sehemu ya ufikivu, unaweza kurefusha muda wa kugusa na kushikilia, ili kidole kinachochelewa kisifungue mambo ambayo mtu hakuyaomba. Kwa mkono unaotetemeka hilo lilisaidia kuliko chochote. Wakati wa kiangazi vidole vyake vinakauka na kioo hakimsikii vizuri, maana kioo cha namna hii kinategemea umeme mdogo wa ngozi. Nikamnunulia kalamu yenye ncha laini ya mpira, ya bei ndogo kabisa. Akaishika kama chaki. Siku hiyo nilijua tumefika.

Kwenye WhatsApp nilikosea tena, nami nitakueleza ili wewe usikosee. Niliacha namba yake kwenye simu ndogo, nikaiunganisha tableti nayo kama kifaa cha ziada, jambo linaloruhusiwa hadi vifaa 4. Lakini simu kuu ikikaa siku 14 bila kutumika, vifaa vya ziada vinatolewa. Simu ikaanguka, ikakaa kwa fundi wiki tatu, tableti ikanyamaza. Mama mkubwa alidhani ameiharibu yeye. Alikaa siku nzima bila kumwambia mtu, kwa aibu, na kila nikikumbuka ninaumia. Mweleze mzee mapema kwamba likitokea hili si kosa lake.

Pesa tuliziacha kwenye simu ndogo kwa makusudi. M-Pesa na Airtel Money hazina kazi kwenye tableti ya bibi, kwa sababu wajukuu wa Katuba wataichezea tu, hata ukikataza.

Sasa ile laptopu. Haikuwa mbaya. Iko kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu mume wa mama mkubwa, ambaye aliandika hesabu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi alipostaafu. Yeye alijifunza kuchapa kwa mashine ya kuandikia, vidole kumi, bila kuangalia. Nilipomwonyesha tableti alijaribu dakika tano akairudisha: "Hii haina mahali pa kuweka mikono." Yeye anaandika hesabu za parokia kwenye majedwali, anaandika barua zinazochapishwa karatasi, na anakusanya majina ya ukoo wetu tangu babu alipokuja kufanya kazi ya shaba. Mtu wa namna hiyo usimpe tableti. Nilibadilisha betri kwa dola 25, nikaweka stabilizata, kwa kuwa umeme unaporudi kwa kishindo wakati wa mvua unaunguza chaja, na nikamfunikia kibodi kwa plastiki sababu ya vumbi jekundu. Kitu kimoja kilimsumbua: mashine ilitoka nchi ya kibodi ya QWERTY, mpangilio wa herufi wa Kiingereza, na vidole vyake vinajua AZERTY, ule wa Kifaransa. Nilibadilisha lugha ya kibodi kwenye mipangilio, nikabandika herufi za karatasi juu ya vitufe. Hata hizo hakuziangalia.

Swali ninalouliza sasa mtu akinipigia kuhusu mzazi wake ni hili: nani anakaa karibu naye? Mimi niko upande wa pili wa mji, siku ya mvua ni saa nzima kufika. Aliyemwokoa mama mkubwa ni binti wa jirani, miaka 16, ambaye naye ana simu ya Android. Kama jirani anajua kifaa cha aina fulani, hiyo ni sababu nzuri ya kununua aina hiyo hata kama wewe unapenda nyingine. Nilimwomba yule binti asishike tableti mwenyewe, aelekeze kwa mdomo tu, na mama mkubwa aandike kila hatua kwa mkono wake kwenye daftari.

Daftari lile liko kando ya tableti. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa ubaoni, umeandikwa jinsi ya kumpigia mwanawe, hatua tano zenye namba. Chini yake amepigia mstari kwa wino mwekundu: kuanzia mwisho wa Machi saa za Liège ni sawa na zetu, kuanzia mwisho wa Oktoba wapo nyuma kwa saa 1, usiwaamshe.