Maswali na Majibu: Kuandaa Matukio ya Mwaka kwenye Televisheni

Barua nyingi za toleo hili zimetoka vyumba vya habari, na karibu zote zinakizunguka kipindi kimoja: kile cha mwisho wa Desemba kinachopitia matukio ya mwaka, ya kitaifa na ya kimataifa.

Swali: Tumepewa saa nzima hewani. Ukitoa matangazo ya biashara zinabaki dakika 48. Orodha yetu ina habari 110 na kila mtu anatetea zake. Tuipunguze vipi?

Jibu: Mmeanzia kwenye orodha, ndiyo maana mnagombana. Anzeni na saa. Habari kubwa 8 za dakika mbili na nusu kila moja ni dakika 20. Za kati 12, dakika moja moja. Za harakaharaka 20 za sekunde 15, dakika 5. Waliofariki dakika 4, ufunguzi dakika 1, maneno ya mtangazaji kati ya habari na habari dakika 4. Jumla 46. Mbili zilizobaki msiziguse. Kazi yake ipo katika jibu la mwisho.

Sasa nafasi ni 40, na ubishi unabadilika sura: anayetaka kuingiza ya 41 ataje anayoitoa. Kigezo kisiwe kama ilitikisa siku ile, bali imeacha nini hadi leo. Sheria iliyopita kimyakimya Februari ikaja kupandisha nauli Agosti ina haki zaidi kuliko zogo la bungeni lililokwisha wiki hiyohiyo. Na habari za nje msizipe nusu ya kipindi ati kwa sababu jina lake linasema "kitaifa na kimataifa". Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, bei za ngano, mbolea na mafuta zilipanda hata kwa nchi zisizohusika kabisa na vita hivyo. Habari ya namna hiyo ikae jirani na habari ya bei za nyumbani, si dakika thelathini baadaye chini ya kichwa cha "dunia".

Jambo jingine ni urefu wa skripti. Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Hawakuwasilishiwa" ni neno moja lenye silabi 8. Vipimo vya maneno matatu kwa sekunde, vilivyotengenezwa kwa Kiingereza, vitawaponza. Mpeni msomaji wenu aya ya maneno 200 mumpime kwa saa. Wengi huangukia maneno mawili kwa sekunde, au pungufu kidogo. Habari ya sekunde 150 basi si maneno 300. Sauti za wahusika zitakula sekunde 40, picha zinazoachwa zijisemee 20. Msimulizi anabaki na 90, yaani maneno 180.

Swali: Tupange kwa miezi au kwa mada?

Jibu: Kubwa kwa mada, za harakaharaka kwa miezi. Mpangilio wa miezi tangu mwanzo hadi mwisho ni rahisi kwa mhariri na unamchosha mtazamaji, kwa sababu habari kubwa haikai ndani ya mwezi mmoja. Chukueni Kenya mwaka 2017: uchaguzi 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais 1 Septemba, kura ya urais ikarudiwa 26 Oktoba. Kwa miezi, kisa hicho mtakikata vipande vitatu, na kila kipande kitahitaji sekunde 15 za kukumbusha tulipoishia.

Swali: Klipu zetu nyingi tumezitoa kwenye rekodi za taarifa ya habari. Zina neno MUBASHARA pembeni, saa, na maandishi yanayopita chini. Tumejaribu kuvuta picha ili yatoke nje ya fremu, lakini sura za watu zinakatika. Kuna dawa?

Jibu: Kwa klipu hizo, dawa nzuri hakuna. Mkivuta picha kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, ukungu unaanza kuonekana na vipaji vya nyuso vinakatwa. Kufunika kwa ukanda wa grafiki wenye tarehe ni afadhali: ukanda uwe mpana kidogo kuliko maandishi ya zamani, rangi yake isipenyeze, na neno MUBASHARA lifichwe kabisa. Klipu ya Machi inayojiita mubashara mwezi Desemba ni uongo hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Mwaka ujao, anzeni Januari. Kila jioni, kabla mhariri wa picha hajafunga mashine, atoe nakala safi ya picha bora za siku, isiyo na maandishi wala sauti ya msimulizi, yenye sauti ya mazingira. Dakika tatu kwa siku zinatosha. Kwa picha za HD za megabiti 50 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 22.5, dakika tatu kwa siku 365 ni saa 18 na robo, yaani gigabaiti 410 hivi. Diski moja ya terabaiti moja inameza mwaka mzima. Nunueni mbili, ya pili ikae jengo jingine. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2017-09-01_uamuzi-mahakama_safi. Likianza na siku, kompyuta itachanganya tarehe 1 za miezi yote pamoja.

Ndani ya folda hiyo iwekwe pia karatasi ya maelezo iliyokuja na picha. Picha za mashirika kama Reuters, AFP na AP huja na masharti: nani atajwe, nchi gani haziruhusiwi kuonyesha, na wakati mwingine mwisho wa matumizi. Picha za michezo mikubwa ndizo hatari zaidi. Ruhusa ya kuonyesha bao katika taarifa ya habari ya siku ile huwa ya muda mfupi, wala haimaanishi mnaweza kulirudisha Desemba. Kama hamna haki, tumieni picha za mnato zilizolipiwa, au mashabiki mliowapiga wenyewe barabarani.

Swali: Sauti inapanda na kushuka kila habari inapobadilika, hadi watazamaji wanapiga simu.

Jibu: Mmesawazisha kwa macho, kwa kutazama vilele vya mawimbi, wakati sikio linapima wastani. Sawazisheni sauti ya msimulizi kwanza, kisha klipu moja moja zilingane naye, muziki uwe wa mwisho, chini yake kwa desibeli 15 hadi 20. Kisha pimeni kipindi chote: kiwango cha utangazaji cha Ulaya, EBU R128, ni LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), cha Marekani ni -24. Ulizeni chumba cha kurushia matangazo kinatumia kipi.

Swali: Tukio la nje liandikwe kwa tarehe ya huko au ya kwetu?

Jibu: Ya mahali lilipotokea. Osama bin Laden aliuawa Abbottabad, Pakistan, tarehe 2 Mei 2011, ingawa Washington, tangazo lilipotolewa, ilikuwa bado usiku wa tarehe 1. Jihadharini pia na saa. Mashirika huandika GMT. 14:30 GMT ni 17:30 za Afrika Mashariki, na kwa kuhesabu kwetu ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mwandishi aliyechoka anaruka hatua moja kati ya hizo mbili, na kosa likishaingia kwenye grafiki halionekani tena.

Swali: Je, tunaweza kutumia skripti za siku ile zilivyo, maana zilishahaririwa?

Jibu: Hapana. Zilihaririwa kwa yaliyojulikana siku ile. Tsunami ya Bahari ya Hindi ya 26 Desemba 2004 ilianza kuripotiwa kwa maelfu ya vifo. Hesabu za baadaye zilipita 220,000. Kila tarakimu itafutwe upya.

Kesi za mahakamani ndizo zinazoleta barua za mawakili. Aliyekuwa mtuhumiwa Machi anaweza kuwa mshtakiwa Juni na ameachiwa huru Oktoba. Mkirudisha picha yake akiwa na pingu bila kutaja hukumu, mmemhukumu upya. Mtu mmoja apewe kazi hii peke yake: apige simu mahakamani kwa kila jina lililomo kwenye skripti, aandike hatua ya kesi na tarehe aliyoulizia.

Swali: Bosi anataka kipindi kikamilike tarehe 20 Desemba ili watu waende likizo. Ni sawa?

Jibu: Kikamilike, ila kisifungwe. Pelé alifariki 29 Desemba 2022, na Papa mstaafu Benedict XVI tarehe 31. Aliyekwisha kufunga sehemu ya waliofariki alilazimika kuifungua mara mbili. Hapo ndipo zile dakika 2 za akiba zinapotumika.

Toeni kila sehemu kati ya matangazo kama faili lake, ili ikibadilika moja zisiguswe nyingine. Sehemu ya waliofariki iwe ya mwisho. Nguo alizovaa mtangazaji siku ya kurekodi zibaki stesheni, na taa za studio zipigwe picha zilivyopangwa. Akiitwa tarehe 30 kusema sentensi mbili, mtazamaji asione tofauti. Na katika skripti yote futeni "kubwa kuliko zote mwaka huu". Ndege ya Jeju Air ilipata ajali Muan, Korea Kusini, tarehe 29 Desemba 2024 na kuua watu 179. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi mwaka huo, na zilikuwa zimebaki siku mbili.